Mume wangu anataka bonde la mizabibu, mimi nataka mji wa pengwini

Somo yangu,

Salamu kutoka Likoni. Nimesoma safu yako miaka mingi bila kuandika, kwa kuwa kila nilipotaka kuandika niliona ya wenzangu ni mazito zaidi. Hata hili langu nikilitoa nje watu watashangaa: mtu amepewa safari ya kwenda kupumzika Afrika Kusini, naye analalamika. Lakini wiki ya tatu hii usingizi wangu ni wa kuokoteza, na tikiti hazijakatwa kwa sababu yangu mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 52. Mume wangu ana 58. Mwezi wa Septemba tutatimiza miaka 27 ya ndoa. Wazo la safari ni la binti yetu mkubwa. Alituambia, "Mama, wewe na baba hamjawahi kusafiri pamoja ila kwenda matangani." Nilicheka, halafu nikahesabu. Wundanyi, matanga. Kaloleni, matanga. Voi, matanga. Basi watoto wakachanga, nami nikaongeza zamu yangu ya chama, tukafika shilingi 430,000. Tumepiga hesabu, zinatosha nauli za watu wawili na siku nane za kukaa mahali pamoja, tukijibana. Mahali pamoja, Somo. Hapo ndipo tulipokwama.

Mume wangu alifanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni, pwani ya kaskazini, kwa miaka 24. Aliingia kama mtu wa kufuta meza. Miaka ya mwisho yeye ndiye aliyeitwa wageni wakishindwa kuchagua mvinyo. Hakwenda chuo. Alijifunza kwa kusikiliza, kwa kusoma lebo, na kwa kuonja kilichobaki. Alijua chupa ipi ilazwe ubavu, ipi itiwe kwenye barafu, ipi ifunguliwe mapema kabla chakula hakijafika. Chupa tupu alizileta nyumbani, akaziloweka kwenye beseni usiku kucha, asubuhi akabandua lebo na kuzigandisha kwenye daftari la hesabu la mtoto. Daftari lina kurasa 80 na zote zimejaa. Lebo anayoipenda kuliko zote ina maneno Hemel-en-Aarde. Mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini alimwambia maana yake ni Mbingu na Nchi, na kwamba ni bonde lenye mizabibu nyuma ya mji wa Hermanus, kando ya bahari. Tangu siku hiyo husema, "Iko siku nitapakanyaga pale."

Sasa nije kwenye lile ambalo sijamwandikia mtu. Yale mabaki ya chupa ndiyo yaliyotumaliza. Mwanzo ilikuwa glasi moja baada ya zamu, kisha ikawa glasi moja kabla ya zamu. Alipokuwa nje ya kazi akashukia mangweni, mnazi wa asubuhi na wa jioni. Mwaka 2019, siku ambayo binti yetu alikuwa anapokea shahada yake, nilimkuta baba yake alfajiri mahali pa kusubiri feri, amelala sakafuni na sare ya kazi, tai ya kipepeo bado iko shingoni, na watu wa feri ya kwanza wanamruka. Mwaka uliofuata hoteli ilipopunguza wafanyakazi kwa ajili ya korona, jina lake lilikuwemo. Sikuuliza kwa nini.

Aliacha pombe Oktoba 2021. Alikaa miezi mitatu kwenye kituo cha matibabu, na tangu hapo hajagusa. Kila Alhamisi jioni huenda kukutana na wenzake walioacha. Siku hizi ana kibanda cha chai na mahamri karibu na feri, na anawahudumia makondakta wa matatu vile alivyokuwa akihudumia wageni wa hoteli, kitambaa cheupe mkononi. Mimi humtazama kwa mbali wakati mwingine, nikaona fahari.

Mji ninaoutaka mimi ni Simon's Town. Nimefundisha watoto miaka 28 kwamba pengwini hawako kwenye barafu tu, hata Afrika wako, na picha ya kitabuni imefifia hadi pengwini amekuwa kama kunguru. Nataka kumwona kwa macho yangu. Wako pale kwenye ufuo wa Boulders, mtu anatembea kwenye njia ya mbao nao wako chini yake. Ni mji mdogo wa wanamaji, wenye reli inayopita kando ya maji. Na hauna mizabibu. Hili nimeliandika mwisho, lakini moyoni ndilo la kwanza.

Yeye hakunilazimisha. Alisema, "Mwalimu, chagua wewe." Usiku nikamwona amekaa na daftari lake, anapapasa lebo kwa kidole. Nami nikamdanganya. Nilimwambia Hermanus ni ghali, kwamba Septemba umejaa watu kwa ajili ya nyangumi, na kwamba upepo wake utanibana kifua. Sikuwa nimeulizia bei hata moja. Akafunga daftari, akasema sawa. Tangu siku hiyo ananiuliza habari za pengwini kwa upole, na upole huo unanichoma kuliko kama angenigombeza.

Nikimpeleka Hermanus akarudia chupa, nitawaambia nini watoto waliochanga? Nikimpeleka Simon's Town kwa uongo, nitawatazama hao pengwini kwa jicho gani? Binti yangu amechoka, anasema twendeni Malindi tu yaishe. Nisaidie kuchagua.

Mwalimu wa Likoni


Mwalimu, mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo tangu juzi, na kila nikiikunja narudi kwenye lile daftari la hesabu. Asante kwa kuniamini na ile alfajiri ya feri. Najua haikuandikika kwa urahisi.

Nikikusikia sawasawa, una mambo matatu na umeyafunga kwenye ncha moja ya leso: mji wa kwenda, hofu yako, na ule uongo. Umeniomba nikuchagulie mji kwa matumaini kwamba ukipatikana mji, hayo mawili yatatulia yenyewe. Mimi nitaifungua hiyo leso polepole. Nianze na miji, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza, na kwa kuwa yako mambo juu ya miji hiyo ambayo huenda yakakubadilishia picha.

Simon's Town kwanza. Pengwini utawaona. Walianza kuzaliana pale Boulders mwanzoni mwa miaka ya 1980, jozi chache tu, katikati ya nyumba za watu, hadi ukawa ukoo mzima. Sauti yao ni ya punda kabisa; mtu wa pwani akiisikia bila kuwaona atatafuta mkokoteni. Na hamu yako ya kuwaona, usiifanye jambo dogo. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika waliingizwa katika daraja la viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, na sababu mojawapo kubwa ni kupungua kwa samaki wadogo wanaowala. Mwalimu aliyewafundisha watoto habari zao miaka 28 ana haki ya kwenda kuwaona wangali wapo. Mji wenyewe ulikuwa kituo cha wanamaji wa Uingereza hadi 1957. Uwanjani pana sanamu ya mbwa aitwaye Just Nuisance, aliyeandikishwa rasmi katika jeshi lao la majini mwaka 1939, kwa sababu alikuwa akipanda treni na mabaharia bila kulipa nauli na wakuu wa reli wamechoka naye. Utakuwa na kisa cha kuwapelekea watoto wa darasani. Hiyo reli ulizieni kabla ya kuitegemea, maana kumekuwa na vipindi ambavyo treni haikufika hadi mwisho.

Lakini ulisema mji huo hauna mizabibu, nawe umeegemeza amani yako yote hapo. Simon aliyepewa mji jina ni Simon van der Stel, gavana wa Waholanzi kule Rasi ya Cape. Mtu huyo ndiye aliyepewa shamba la Constantia mwaka 1685 na kupanda mizabibu. Constantia iko nyuma ya milima tu, kama nusu saa kwa gari kutoka kwenye pengwini wako. Mvinyo wake mtamu ulisafirishwa hadi Saint Helena, akaunywa Napoleon uhamishoni. Nina hakika mume wako hatahitaji mimi kumweleza hayo. Nadhani Constantia ina ukurasa wake katika zile 80. Na wewe wa Likoni, unayeishi kando ya bandari, unajua kwamba mji wa mabaharia haukosi baa.

Sasa Hermanus. Kutoka Cape Town ni kilomita 120 hivi, kama kutoka hapa hadi Malindi. Zamani ukiitwa Hermanuspietersfontein, yaani chemchemi ya Hermanus Pieters, hadi posta ilipochoka na urefu wa jina likakatwa mwaka 1902. Huyo Hermanus Pieters alikuwa mwalimu. Nilipokumbuka hilo nilikuwaza wewe: mji unaoutaka una jina la mpanda mizabibu, na mji unaoukimbia una jina la mwalimu mwenzako.

Ulimwambia mumeo Septemba kuna nyangumi, na hapo hukudanganya. Huo ndio msimu wenyewe. Nyangumi huingia Ghuba ya Walker kuanzia Juni hadi Novemba kuzaa na kulea. Si hawa wenye nundu wanaopita Watamu wakati wa kusi. Hawa ni wengine, wanene, wasio na pezi mgongoni, urefu wa mita 15 hivi, kama matatu tatu zimepangana. Wanasogea karibu na majabali hivi kwamba mtu huwaona akiwa amesimama nchi kavu, bila kulipia mashua. Iko njia ya miguu juu ya majabali, kilomita 12 hivi, inayofuata pwani ya mji. Mizabibu haiko hapo. Iko bondeni, nje ya mji, na mpaka mtu akusudie ndipo afike. Mtu anaweza kukaa Hermanus siku nane akaona bahari tu. Hotelini mvinyo wa bondeni utakuwepo mezani, sikufichi, lakini na Simon's Town utakuwepo.

Liko jambo jingine ambalo yeye huenda analijua na wewe hulijui. Kule mavuno ya zabibu ni Januari hadi Machi. Septemba hakuna zabibu. Mizabibu imekatwa matawi, ndiyo kwanza inachipua, ukitazama shamba utaona safu za vijiti vyenye vijichipukizi vya kijani. Kwa hiyo ile picha ya vishada vinavyoning'inia, ambayo pengine ndiyo inayokukosesha usingizi, mwezi huo haipo. Akienda atakanyaga udongo, ataona vijiti, ataona vilima vilivyolizunguka bonde.

Nami nimelisoma neno lake kama ulivyoliandika. Alisema atapakanyaga. Hakusema ataonja.

Usinielewe vibaya. Sisemi neno moja litoshe kuondoa hofu ya miaka. Mtu aliyeacha pombe anaweza kwenda na nia safi, na mguu ukateleza. Ninachokuomba ni kujiuliza kama unajua anachokitaka kule, au unakikisia. Huenda anataka harufu. Huenda anataka kuona kwamba maneno aliyoyasema mezani miaka 24, akiwaeleza wageni habari za mahali asipopajua, yalikuwa ya kweli. Mimi simjui. Wewe unamjua, lakini katika barua yote hakuna mahali ulipomwuliza.

Umeandika pia kana kwamba pombe inakaa mashambani inakotoka. Yeye alinywea wapi? Alikunywa mabaki ya hoteli na mnazi wa mangwe, vitu vilivyokuwa karibu naye kila siku. Mangwe za Likoni ziko pale pale, anazipita asubuhi akienda kuwasha jiko la chai, na miaka yote hii amezipita. Hilo ni lake, amelifanya yeye. Kule Rasi ya Cape nako kulikuwa na mtindo wa kuwalipa vibarua wa mashamba sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, wakiuita "dop". Sheria iliukataza, lakini ulichelewa kufa, na familia nyingi za wafanyakazi bado zinabeba majeraha yake. Nalitaja kwa sababu kisa cha mtu aliyenyweshwa na kazi yake si kigeni katika nchi ile. Mumeo akifika bondeni anaweza kukutana na watu wanaomwelewa kuliko alivyowahi kueleweka hotelini.

Pamoja na hayo, hofu yako ina msingi, na sitaki uione ya kipuuzi. Likizo ina hatari zake. Nyumbani ana kibanda, ana kitambaa chake, ana Alhamisi, ana watu wanaojua historia yake. Safarini hivyo vyote vinabaki Likoni. Ana saa nyingi zisizo na kazi, yuko kati ya wageni wanaomkaribisha kwa moyo mweupe, na kuna ile sauti ya kusema "kidogo tu, tuko mbali". Mashamba mengi hukaribisha watu waonje, na wanaoonja kwa ustadi hutema. Mwenye kujua kazi kama yeye anaweza kujiambia kwamba kutema hakuhesabiki. Kwa aliyeacha, kutema si kinga. Ulimi umeshaguswa, na kiu haijui kilichomezwa na kilichotemwa. Hata mvinyo uliotolewa kileo, wengine huona unawarudishia ladha na mkao wote wa zamani. Hayo ni ya kuzungumzwa kabla ya kupanda ndege, mji wowote mtakaokwenda.

Basi njia zako ni zipi? Ya kwanza ni kumwambia ukweli kabla ya kukata tikiti. Ningekuwa wewe nisingelifanya usiku, na daftari liko mapajani mwake. Labda kibandani, jioni, akishafunga, mkiwa mmekaa kwenye benchi la wateja. Maneno yanaweza kuwa machache: "Nilikwambia Hermanus ni ghali. Sikuulizia. Naogopa." Halafu unyamaze umpe nafasi. Anaweza kuumia, akasema baada ya miaka yote hii bado unamchunga kama mtoto. Ukisikia hivyo, pokea bila kujitetea, kwa sababu na yeye atakuwa na haki. Anaweza pia kukwambia kwamba hata yeye anaogopa na alikuwa anangoja mtu alitaje. Na anaweza kusema haraka haraka, "basi tuache, twende kwako," huku moyo umemshuka. Hapo usiharakishe kushukuru. Mwache alitafakari siku mbili tatu.

Mtu aliyesoma nyuso za wageni miaka 24, akajua nani anataka kupendekezewa na nani anataka kuachwa, sidhani alishindwa kuusoma uso wako. Ule upole wa kuuliza habari za pengwini huenda ndiyo njia yake ya kukwambia amekuona na hakukasirika. Huenda. Mimi nakisia, wewe unaweza kuuliza.

Mkienda Hermanus baada ya mazungumzo hayo, masharti na yatoke kwake. Mwulize, "Ungependa twende shamba mojawapo, au tupite tu barabarani? Mchana? Pamoja na nani?" Kama mtazuru shamba, mnaweza kuwajulisha mapema kwamba mnataka kutembea na kula, hamuonji. Chumbani mnaweza kuomba friji iondolewe vileo kabla hamjaingia. Alhamisi yake isipotee: vikundi vya walioacha pombe viko hata upande ule wa Cape Town, na kama kufika ni shida, mwenzake mmoja wa hapa anaweza kukubali kupigiwa simu saa ile ile. Mnaweza kukubaliana neno moja, hata neno la mzaha, ambalo yeyote kati yenu akilitamka mnaondoka mahali hapo bila maelezo. Hatari ya njia hii naiona zaidi upande wako. Unaweza ukageuka askari, ukahesabu glasi za meza za jirani badala ya kutazama nyangumi, na siku ya nane mkarudi wote wawili mmechoka zaidi ya mlivyokwenda.

Mkienda Simon's Town, ukweli ukiwa umeshasemwa, unapata pengwini wako bila deni. Yeye anaweza kubaki na kidonda kidogo cha bonde lake, na kidonda hicho nacho kinahitaji kutunzwa, kwa sababu kutoaminiwa ni moja ya mambo yanayomsumbua mtu aliyeacha. Ukienda bila kuusema, naogopa utaubeba mkobani siku zote nane. Wewe mwenyewe umeshaniambia hivyo.

Nikuongezee la kukuchanganya kidogo. Betty's Bay, njiani kati ya Cape Town na Hermanus, pana mahali paitwapo Stony Point ambapo pengwini hao hao wanazaliana. Ni karibu na Hermanus, kama saa moja au pungufu kwa gari. Na nyangumi nao huonekana kwenye ghuba ya Simon's Town msimu huo huo. Kwa hiyo mji mmoja hauwafungii wote wawili mlango. Mnaweza pia kugawanya, siku nne huku na nne kule, mkipita ile barabara ya pwani chini ya milima. Hilo lina gharama ya gari, kwani Hermanus hakuna treni ya abiria. Wana jengo la stesheni lisilo na reli, kwa sababu mkuu wa reli wa zamani, William Hoy, aliupenda utulivu wa pale akakataa kuipeleka. Na kugawanya kuna ubaya wake: watu wawili waungwana hugawana kila kitu katikati ili wasiambiane ukweli. Mkigawanya baada ya kuambiana, ni jambo jingine.

Malindi ya binti yako siidharau. Kama mazungumzo yatawaonyesha kwamba bado ni mapema, bonde halihami na pengwini wa Boulders wanaweza kungoja mwaka. Ila iwe mmeamua nyinyi. Mtoto asiwaamulie kwa kuchoka.

Kabla sijafunga, nina swali lako wewe peke yako. Mume wako ana Alhamisi yake. Wewe siku yako ni ipi? Ulimkuta sakafuni, ukampeleka nyumbani, kisha, nadhani, ukajipaka wanja ukaenda kupiga makofi kwenye mahafali ya mtoto. Tangu 2019 umelibeba hilo bila kumwandikia mtu. Hofu unayoiona leo juu ya Hermanus, nyingine ni ya Hermanus na nyingine ni ya ile asubuhi, na ile asubuhi haijapata mtu wa kukaa nayo. Jamaa za walioathiriwa na pombe nao wana mahali pa kwenda. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure na mke anaweza kupiga kama mgonjwa anavyopiga. Kama si hapo, mtafute hata mmoja katika chama chenu ambaye unajua ameyapitia, maana yupo, mdogo wangu, katika kila chama yupo. Sikuagizi. Nakuuliza tu, kwa kuwa katika barua yote umejitaja kama mlinzi, na mlinzi naye hulala.

Masweta mfungashe ya kweli. Septemba kule ni mwisho wa baridi, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na maji ya bahari yatakufanya upige kelele mbele ya pengwini. Na kwa kuwa mnatoka Kenya mtatakiwa kuonyesha kadi ya homa ya manjano, nayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kachanjweni mapema, wote wawili, siku moja. Kadi hiyo haiulizi mnakwenda mji gani.

Wako,
Somo